Kusaga chakula kidogo kwa mashine: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi

Maswali haya hurudi kila mara mtu anapotafuta mashine ya kusagia pilipili ya siku moja, kitunguu saumu cha sufuria moja au chakula cha mtoto wa miezi 7. Majibu yamelenga jiko la Lubumbashi: umeme wa kukatika, maduka yenye vitu vya kutoka Zambia, Afrika Kusini, China na Dubai, na chakula chetu cha kila siku. Unaweza kuanza na swali lako moja kwa moja. Panapohitajika utaelekezwa kwenye jibu jingine.

## Mambo ya kwanza

Nina blenda kubwa nyumbani. Kwa nini haisagi pilipili tano?

Kwa sababu pilipili hazikai kwenye visu. Blenda ya jagi hutegemea mzunguko wa kimiminika: kilicho juu kinavutwa chini katikati, kinapita kwenye visu, kisha kinapanda tena pembeni. Visu visipofunikwa, mzunguko huo haupo. Pilipili zinapigwa mara moja, zinarukia ukuta wa jagi na kuganda pale, huku visu vikizunguka hewani. Unazima, unakwangua kwa kijiko, unawasha, zinaruka tena. Mwishowe unaongeza maji, na badala ya pilipili ya kulia bukari (ugali) unapata maji mekundu.

Blenda haikuharibika. Stephen Poplawski wa Racine, Wisconsin, Marekani, ndiye anayetajwa kuweka kisu chini ya jagi refu mwaka 1922, na alikuwa akitafuta njia ya kuchanganya vinywaji vya maziwa. Jagi limebaki na umbo hilo mpaka leo: zuri kwa juisi ya marakuja ya watu sita, baya kwa vijiko viwili vya kitu kikavu.

Mashine ndogo ziko za aina gani?

Dukani ukisema tu "mikseri" unaweza kupewa hata ile ya kupiga mayai. Taja chakula unachotaka kusaga, halafu tazama umbo.

Ya kwanza ni chopa ndogo: bakuli fupi, mara nyingi la mililita 300 hadi 500, lenye kisu cha mabawa mawili kilichosimama katikati na mota inayokaa juu au chini. Hii ndiyo ya vitunguu, kitunguu saumu, pilipili, tangawizi na nyama kidogo. Inakatakata hadi kuwa laini, lakini haitoi juisi nyororo.

Blenda ya mkono ni fimbo yenye kisu mwishoni, unayoitumbukiza ndani ya chakula. Ilitoka Uswisi, ambako Roger Perrinjaquet aliipatia hati ya ubunifu mwaka 1950. Ubora wake ni kwamba haina chombo chake: kikombe kirefu chembamba, sufuria, hata chupa ya mdomo mpana, vyote vinafaa. Kwa hiyo kiasi kidogo hakiisumbui, mradi chakula kina unyevu wa kufunika kisu.

Kuna pia blenda ya kikombe, ile unayojaza, unafunga kisu juu yake, unageuza na kuisokota kwenye mota. Inafaa kwa juisi ya mtu mmoja na uji. Na kuna kisagio cha vitu vikavu, kifupi, chenye kisu bapa, wengi wakikijua kama cha kahawa. Hicho usikitie maji kamwe.

Yaya, nina pesa ya mashine moja tu. Nichukue ipi?

Kwa nyumba nyingi ningechagua blenda ya mkono inayouzwa pamoja na bakuli la chopa. Mota ni moja, unabadilisha kichwa tu: asubuhi unalainisha chakula cha mtoto ndani ya kikombe, jioni unasaga kitunguu saumu na pilipili ndani ya bakuli. Hakikisha bakuli limo ndani ya katoni. Picha ya nje mara nyingine inaonyesha vifaa ambavyo seti hiyo haina, kwa hiyo fungua na uhesabu mbele ya muuzaji.

Kama hakuna mtoto wala supu ya kulainisha, na kazi yako ni viungo vya mboga tu, chukua chopa peke yake. Kama kazi kubwa ni kapenta (dagaa wakavu) na kalanga, soma kwanza majibu ya vyakula hivyo hapo chini.

Wati ngapi zinatosha?

Kwa chopa ndogo, wati 200 hadi 400 zinatosha kabisa. Kwa blenda ya mkono, kati ya 300 na 600. Wauzaji wanapenda kutangaza wati kwa sababu ni namba rahisi kulinganisha, lakini wati zinaeleza umeme unaoingia, hazielezi kama kisu kinakifikia chakula. Mashine ya wati 1000 yenye bakuli pana itashindwa na punje sita za kitunguu saumu ambazo ya wati 250 inazimaliza kwa mibonyezo michache.

Kwa hiyo bakuli na kisu kwanza, wati baadaye. Inama utazame kwa karibu: bawa la chini la kisu linapaswa kupita milimita chache tu juu ya sakafu ya bakuli, na ncha zake ziwe karibu na ukuta. Ukiona kidole chako kinapita chini ya kisu bila kukigusa, hapo ndipo chakula kidogo kitakapojificha. Fanya hivyo mashine ikiwa imechomolewa, na taratibu, maana visu vipya ni vikali.

## Umeme

Fishi (plagi) ya mashine haiingii kwenye prizi (soketi) yangu. Nifanyeje?

Prizi za nyumba nyingi hapa ni za mtindo wa Kibelgiji: matundu mawili ya mviringo. Mashine iliyopita mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia mara nyingi ina fishi ya miguu mitatu bapa, na iliyotoka Afrika Kusini ina miguu mitatu minene ya mviringo. Umeme wenyewe unaelewana, kwa kuwa nchi hizo zinatumia volti 230 na sisi 220, zote kwa hezi 50. Tatizo ni umbo tu.

Nunua adapta inayoshika imara, au mwite fundi abadilishe fishi. Kabla ya hapo tazama kibandiko cha chini ya mashine. Ukiona alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, mashine ina kinga maradufu na haihitaji waya wa ardhi. Fishi ya miguu miwili inatosha. Kama alama hiyo haipo na waya una nyuzi tatu ndani, waya wa ardhi usikatwe wala kuachwa ukining'inia.

Ndugu yangu ametuma mashine kutoka Marekani. Nichomeke tu?

Hapana. Kule ni volti 120. Kama kibandiko kinasema 120V peke yake, ukiichomeka kwenye 220 mota itaungua papo hapo. Itahitaji transfoma yenye uwezo zaidi ya wati za mashine, na kwa chopa ndogo transfoma inaweza kuzidi bei ya mashine yenyewe. Mwombe akutumie kitu kingine.

Jioni mashine inanguruma lakini kisu hakizunguki vizuri. Imekufa?

Mara nyingi umeme ndio umeshuka. Jirani wote wanapopika kwa wakati mmoja volti hupungua, na mota ya namna hii hupoteza nguvu. Hatari ni kuendelea kubonyeza: kisu kikikwama huku umeme unaingia, waya za mota zinapata moto kwa sekunde chache, na feni inayozipoza nayo imesimama. Achia mara moja, punguza chakula kibaki nusu, kikate vipande vidogo zaidi, ujaribu tena. Kama taa bado zinafifia, subiri.

Inaweza kutumia jenereta au inveta?

Jenereta ndogo ya wati 800 au 1000 inabeba chopa ya wati 300 bila shida, ila usiichomeke kwenye ralonji (waya wa kurefusha) moja na friji inayowaka. Kwa inveta chukua yenye uwezo walau mara mbili ya wati zilizoandikwa kwenye mashine, kwa sababu mota inavuta zaidi inapoanza. Inveta za bei rahisi hutoa umeme usio laini; mota inavuma kwa sauti tofauti na kupata joto haraka, kwa hiyo fanya mibonyezo mifupi. Vile vifaa vidogo vya sola vya taa na kuchaji simu haviwezi kazi hii.

Itakula umeme wa malipo kabla kiasi gani?

Kidogo sana. Mashine ya wati 300 ikifanya kazi dakika 1 inatumia kilowati-saa 0.005. Jiko la umeme la wati 1000 linatumia kiasi hicho kwa sekunde 18.

Na siku ambazo umeme haupo kabisa?

Kuna chopa ya kuvuta kamba: bakuli dogo, kisu katikati, kamba kwenye kifuniko. Kwa vitunguu, pilipili na nyanya inafanya kazi nzuri kuliko watu wanavyodhani, na nyumba yenye umeme wa kusuasua inafaa kuwa nayo hata kama ina mashine nyingine. Udhaifu wake ni kamba. Ivute kwa usawa wa kifuniko, usiivute kwenda juu, itadumu.

Kwa viazi, karoti na maharagwe yaliyoiva kuna kinu cha mkono cha kuzungusha chenye sahani ya matundu. Jean Mantelet alikitengeneza Ufaransa mwaka 1932, na ndicho kilichozaa kampuni ya Moulinex. Kinabakiza maganda juu na kushusha ulaini chini, jambo ambalo blenda haifanyi.

Kinu na mchi wa mbao usiviondoe jikoni. Kwa kijiko kimoja cha kitunguu saumu na chumvi, umemaliza kabla mwingine hajapata prizi.

## Chakula kwa chakula

Pilipili: naisagaje bila kukohoa nyumba nzima?

Osha, kausha, ondoa vikonyo, kata mara mbili. Weka na chumvi na kijiko cha mafuta. Mafuta yanaziunganisha zisirukie ukuta. Bonyeza na kuachia, kila mara sekunde mbili hivi. Ukimaliza usifungue haraka, maana matone madogo bado yanaelea ndani. Acha dakika moja, kisha fungua uso ukiwa mbali.

Usisage ya wiki nzima. Hasa mchanganyiko wa kitunguu saumu na mafuta: ukikaa nje ya friji unaweza kuzalisha sumu kali ya botulizimu bila harufu wala dalili yoyote. Friji inayozimika saa nyingi kila siku haiwezi kutegemewa kwa hilo. Hii kwangu ndiyo sababu kubwa ya kununua mashine ya kiasi kidogo: unasaga cha leo, kinaisha leo.

Mashine ndogo inaweza kutoa siagi ya kalanga?

Inaweza, ukiwa na subira. Chagua kalanga kwanza. Zilizosinyaa, zenye ukungu au uchungu zitupe, kwa sababu sumu ya ukungu huo haiondoki kwa kukaanga wala kusaga. Kaanga kidogo, ziache zipoe, pukuta maganda. Tia kiasi kisichozidi nusu ya bakuli.

Utaona hatua nne. Kwanza chenga, halafu unga. Kisha unga unajikusanya na kuganda pembeni, kisu kinaanza kuzunguka bure. Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kutia maji, na maji yanaiharibu, inakuwa ngumu na kuchacha upesi. Zima, kwangua kwa mwiko wa mpira, acha mota ipumzike dakika mbili tatu. Rudia. Baada ya raundi kadhaa uso wa unga unaanza kung'aa: mafuta yametoka. Kutoka hapo inalainika yenyewe. Ikichelewa sana, tia kijiko kimoja cha mafuta ya kula.

Kama unapika mboga kwa kalanga, hatua ya unga inatosha. Simama hapo, mota itaishi zaidi.

Sombe (majani ya muhogo) je?

Sombe ya familia si kazi ya mashine hizi. Nyuzi za majani zinajisokota kwenye mhimili wa kisu na mota inalemewa. Kwenye soko la Kenya hapa Lubumbashi na kwingineko sombe iliyokwisha kutwangwa inapatikana, na ni afadhali.

Kwa sombe ya mtu mmoja au wawili, chopa inaweza: toa vikonyo vyote, kata majani membamba, saga konzi moja baada ya nyingine. Usiharakishe kwenye moto. Majani ya muhogo yana sumu ya sayanidi. Kuyavunjavunja vizuri ndiko kunakoifungua, na kuyachemsha kwa muda mrefu bila kufunika sufuria kunaitoa. Majani yaliyokatwa kwa blenda mara nyingi yana vipande vikubwa kuliko ya kinu, kwa hiyo yachemshe zaidi.

Nataka unga wa kapenta kwa uji wa mtoto.

Tumia kisagio cha vitu vikavu. Toa mchanga na mawe, kaanga kapenta bila mafuta mpaka zivunjike kwa vidole, acha zipoe kabisa, saga, kisha chekecha ili miiba ibaki kwenye chekecheo. Zikiwa na unyevu zitaganda chini ya kisu. Harufu haitoki kirahisi, kwa hiyo kisagio hicho usikitumie tena kwa kahawa.

Chakula cha mtoto: kiwe laini kiasi gani, na kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani linashauri kuanza chakula cha nyongeza mtoto akitimiza miezi 6, huku akiendelea kunyonya. Mwanzoni ni vijiko 2 hadi 3 vikubwa kwa mlo, kuelekea nusu ya kikombe cha mililita 250 anapokaribia miezi 9. Ndiyo maana jagi kubwa halimfai: chakula chake chote kingeganda ukutani.

Kosa linaloonekana sana ni kuongeza maji ili mashine izunguke. Tumbo la mtoto ni dogo, takriban gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Likijaa maji, chakula kinakosa nafasi. Kipimo ni kijiko: chakula kikae juu yake bila kutiririka. Mashine ikigoma, ongeza maziwa ya mama, mchuzi wa maharagwe au kijiko cha mafuta badala ya maji.

Wala usisage kwa muda mrefu wa maisha yake. Kuanzia miezi 8 hivi anaweza kushika vipande laini, na akifika mwaka 1 anakula cha nyumbani kilichokatwa. Kwa hiyo mashine za bei kubwa zilizoandikwa "ya mtoto" sioni sababu yake. Blenda ya mkono itamhudumia, kisha itabaki kwa ajili yenu.

Naweza kusaga supu ya moto?

Kwa blenda ya mkono, ndiyo: zima moto, tumbukiza kichwa chote kabla ya kuwasha, zima kabla ya kukitoa. Kwa blenda ya kikombe kilichofungwa, hapana kabisa. Mvuke hauna pa kutokea, presha inapanda, na ukifungua supu inakurukia usoni. Acha ipoe kwanza.

## Kununua

Nitaijuaje nzuri nikiwa sokoni?

Mwombe muuzaji aiwashe. Sekunde tatu bila chakula zinatosha. Sikiliza: mlio uwe wa namna moja, bila kugonga. Izime, ishike mhimili wa kisu uutikise. Ukicheza sana, maji yatapenya. Jaribu kubonyeza kifuniko kikiwa wazi: mashine nzuri haiwaki.

Angalia kile kijino kinachounganisha mota na kisu. Cha mpira au plastiki huisha kwanza na hilo si baya, kwa kuwa kinavunjika badala ya mota. Swali ni kama kinauzwa peke yake. Ukipata duka lenye kijino na mpira wa kifuniko vya akiba, nunua hapo hata kama bei imezidi kidogo, na uchukue vya akiba siku hiyohiyo.

Kwenye baadhi ya mashine za Ulaya utaona herufi KB na dakika, kwa mfano "KB 1 min". Maana yake ni muda wa juu wa kuwasha mfululizo kabla ya kupumzisha.

Zile ndogo za kuchaji kwa waya wa simu zinafaa?

Kwa ndizi, papai na maziwa, ndiyo, na zinasaidia umeme ukikatika. Kwa tangawizi mbichi, kalanga, barafu au pilipili kavu, hapana.

## Kutunza, na hali za pekee

Imetoa harufu ya kuungua. Niitupe?

Ikiwa mpya, harufu hafifu mara chache za kwanza ni ya kawaida. Cheche ndogo ndani ya matundu ya hewa nazo ni za kawaida, zinatoka kwenye makaa ya mota, yaani vipande vidogo vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Moshi, harufu kali au mashine kusimama ghafla ni jambo jingine: chomoa, iache nusu saa. Nyingine zina kinga ya joto na zitarudi zenyewe. Ikirudi, punguza mzigo (tazama jibu la umeme wa jioni). Makaa yakiisha, fundi wa mota anaweza kuyabadilisha.

Namna gani ya kusafisha bila kujikata?

Chomoa. Tia maji ya uvuguvugu nusu ya bakuli na tone la sabuni, rudisha, bonyeza mara chache, chomoa tena, suuza. Kisu usikiache ndani ya beseni la povu ambamo mtu mwingine ataingiza mkono. Mpira wa kifuniko utoe kila mara. Chini yake ndipo chakula kinapooza.

Ukali wa pilipili hautoki kwa maji peke yake kwa sababu unakaa kwenye mafuta. Pangusa kwanza kwa karatasi yenye mafuta ya kula, halafu sabuni. Plastiki na mpira hata hivyo vitabakiza kidogo, kwa hiyo chombo cha pilipili kisiwe cha mtoto. Bakuli la glasi halina tatizo hili.

Mzee wetu hana meno, na siku hizi anapaliwa. Tumsagie kila kitu?

Kutokuwa na meno na kupaliwa ni mambo mawili. Asiye na meno anahitaji chakula laini tu, na blenda ya mkono ndani ya sahani yake mwenyewe inatosha: msagie kile ambacho wengine wanakula, kila kitu peke yake, ili mboga ibaki na ladha ya mboga na samaki awe samaki. Toa miiba kabla, kwa sababu blenda inaikata bila kuiondoa.

Anayepaliwa, hasa baada ya kiharusi, anaweza kushindwa zaidi na vitu vyepesi kama maji na supu kuliko vizito. Kumlainishia chakula mpaka kitiririke kunaweza kumdhuru. Mpelekeni kwa daktari aangalie namna anavyomeza, kisha msage kwa uzito atakaouelekeza, mkimlisha akiwa ameketi wima.